Kibao cha Elam

Englehart, Ontario
6 Novemba 2023

Kaka Urias,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunikatiza. Kwenye karatasi itabidi unisikilize mpaka nukta ya mwisho, upende usipende.

Gari letu limekufa. Sisemi limeharibika, limekufa. Fundi alilipandisha juu, akagusa fremu kwa bisibisi, bisibisi ikazama kama kwenye keki. Chumvi ya barabarani imelila lote kwa chini. Akasema halirudi njiani, na nikilirudisha atanishtaki yeye mwenyewe. Elam alilipigapiga ubavuni kama anavyowaaga ng'ombe wazee, tukarudi nyumbani kwa lori la maziwa la jirani.

Hali ya Elam unaijua. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi damu yake inasafishwa kwa mashine hospitalini, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na akitoka pale hawezi kushika kijiko, sembuse usukani. Akikosa mara moja miguu inavimba. Akikosa mara mbili pumzi inamwishia. Daktari hakutuficha: akiacha kabisa, hafiki wiki mbili. Kwa hiyo usinisomee mahubiri kuhusu tamaa ya magari. Gari kwetu ni figo.

Tumezunguka maduka yote ya magari kuanzia hapa mpaka North Bay. Nilimwambia muuzaji wa kwanza kwamba nataka gari jipya, jeusi, lenye usukani, breki na hita. Akauliza nini kingine. Nikamwambia basi. Alinitazama kama nimeomba supu bila bakuli. Akatuonyesha gari moja, skrini katikati yake kubwa kuliko dirisha la jikoni kwangu. Nikamwambia aitoe hiyo. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Mama," akasema, "hiyo ndiyo gari lenyewe. Vilivyobaki ni viti."

Hita imo humo. Kamera ya nyuma, ambayo serikali inailazimisha, imo humo. Redio imo humo. Nikamuuliza yale magari ya zamani yamekwenda wapi, yale ya kuzungusha kioo kwa mkono. Akasema watu huja kuyaulizia kila wiki, wazee, wakulima, hata vijana, lakini hayatengenezwi tena. Nikamuuliza: kama watu huyataka kila wiki, kwa nini hayatengenezwi? Akainua mabega. Kaka, nilitamani kumchapa na mkoba.

Ombi langu ni hili. Kanisa lituruhusu kununua gari lenye skrini na skrini ibaki. Nitaishonea kifuniko cheusi kizito. Redio hatutaigusa, na bampa tutazipaka rangi nyeusi kama ilivyo desturi ya kanisa letu, zisimetemete. Sisi huku kaskazini ni familia saba tu, hatuna mchungaji wala shemasi wetu. Shemasi wetu ni wewe, na neno utakalompelekea Askofu ndilo litakalopita.

Elam hakutaka niandike. Anasema nisikusumbue. Mimi nakusumbua.

Dada yako,
Lovina

*

Elmira, Ontario
14 Novemba 2023

Dada mpendwa,

Salamu katika jina la Bwana. Barua yako nimeisoma mpaka nukta ya mwisho, kama ulivyoagiza, na nimeisoma mara mbili.

Nimesikitika kwa ajili ya Elam, na Jumapili tulimwombea. Lakini nitakuwa mkweli kwako. Skrini haiwezi kubaki. Tulipokubali magari, zamani za babu yetu, tulikubali kwa sharti kwamba gari litupeleke kanisani na sokoni, lisituletee dunia nyumbani. Ndiyo maana tunatoa redio. Ukiiacha skrini chini ya kitambaa, kesho kijana wa mtu atakifunua kitambaa, na kesho kutwa atakuwa anatazama sinema akisubiri mama yake atoke dukani. Nimeshuhudia watoto wakiondoka kanisani kwa vitu vidogo kuliko hivyo. Sitaki kusema zaidi.

Mumeo ndiye aliyetengeneza vibao vya mti vya kuzibia tundu la redio katika magari ya kanisa hili lote. Hakuna gari uwanjani kwetu ambalo pale ilipotolewa redio hapana kibao cha Elam. Basi nunueni gari mnaloweza kulipata, skrini itolewe, Elam aweke kibao. Ikishindikana, tafuteni gari lililotumika. Najua ni adimu, hata huku ni adimu, watu wanayagombania. Vumilieni. Ndugu wa huko na wawabebe kwa zamu wakati mkitafuta.

Na hasira yako, Lovina, umeileta toka utotoni. Mama aliiona kabla yangu.

Kaka yako,
Urias Bauman

*

Englehart
20 Desemba 2023

Kaka Urias,

Mama aliiona hasira yangu, na alikuona wewe ukinifungia kwenye banda la kuku na kwenda kula pai yangu. Kila mtu alikuwa na sababu zake.

Ndugu wa huku wametubeba. Sina la kuwalaumu. Lakini wana ng'ombe wa kukamua, na magari yao yana umri wa lile letu lililokufa. Mara moja tumekwamia njiani, mara mbili hatukuondoka nyumbani. Tulikodi dereva wa mjini, Darlene, mwanamke mwema anayevuta sigara mpaka kofia yangu ya kanisani ikanuka kama jiko. Wiki ya pili mgongo ukamshika, akaacha.

Magari yaliyotumika nayo? Mzee mmoja kule Earlton alitangaza moja, jeusi, la kuzungusha vioo kwa mkono. Tulifika asubuhi hiyohiyo. Tukakuta watu wamepanga foleni uani kwake kama wanaokwenda kutazama maiti. Kijana mmoja ametoka Toronto usiku kucha. Nikamuuliza anatakia nini gari la kizee namna ile. Akasema amechoka na gari linalomsemesha. Akalichukua. Aliondoka analipigia honi kwa furaha, na Elam amekaa juu ya gogo anasubiri nguvu za kusimama.

Basi tukakutii wewe. Tulinunua gari jipya. Elam na ndugu wawili wakaitoa skrini, kazi ya siku nzima, waya kama utumbo wa mbuzi. Elam akatengeneza kibao cha mti wa cheri. Alikipiga msasa siku tatu akiwa amekaa, maana kusimama hawezi. Ni kibao kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, kimeingia pale bila hata nafasi ya ukucha.

Hakitoi joto, Urias. Ile skrini ndiyo iliyokuwa ikiiamuru hita. Hatukujua. Nani angejua kwamba joto limefungwa ndani ya picha? Kwa mwendo wa karibu na nyumbani hatukugundua, siku haikuwa mbaya. Alhamisi iliyopita ilikuwa baridi nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri. Kabla ya nusu ya njia, pumzi zetu ziligandia kioo cha mbele kwa ndani. Nikawa naendesha kwa mkono mmoja na kukwangua kwa mwingine, kwa kile kijiko tunachochukulia chakula cha Elam. Halafu sikuona kitu kabisa. Tukaingia mtaroni.

Tulikaa humo nimemfunika kwa koti langu. Alikuwa anatetemeka mpaka akaacha kutetemeka, na hapo ndipo nilipoogopa. Dereva wa lori la magogo ndiye aliyetutoa. Yeye ana skrini mbili. Lori lake lilikuwa na joto kama jikoni siku ya kuoka mikate.

Kutoka pale sikuuliza mtu. Nimempa fundi wa mjini skrini airudishe, na imerudi, na inafanya kazi. Haina kifuniko, maana nikiifunika sioni hita. Kile kibao cha Elam kiko jikoni. Nakatia mkate.

Nakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa na mtu.

Lovina

*

Elmira
2 Januari 2024

Dada Lovina,

Barua yako nimempa Askofu aisome. Sikuwa na njia nyingine, kwa sababu ndiyo kazi niliyowekewa mikono.

Tunamshukuru Mungu kwamba Elam yu hai. Lakini umerudisha kitu kilichotolewa kwa makubaliano, tena bila kuuliza, tena kwa maneno ambayo sitayarudia. Mpaka skrini itakapotoka na utakaposimama mbele ya ndugu na kuungama, hutakaribia Meza ya Bwana. Elam hatiwi katika jambo hili kwa kuwa ni mgonjwa.

Siandiki hivi kwa furaha.

Urias

(Katika bahasha hiyohiyo, karatasi nyingine.)

Wifi yangu,

Urias ameniachia nafasi niweke na langu, kwa vile stempu ni ileile. Hasomi ninayoandika mimi. Anasema ni mambo ya soseji na mishono.

Na kweli ni hayo. Soseji za mwaka huu zimekaa moshini vizuri, nitakutumia mbili. Magoti yangu ni yaleyale. Kuku wamenisumbua mno, wameacha viota vyao wakaenda kutagia kwenye banda kubwa, chini ya lile gari jipya. Nimelazimika kulala chali niingie chini ya turubai kufuata mayai, mwanamke wa umri wangu. Unalijua lile gari? Lile jeusi Urias alilomnunulia mwanetu Amsey alipokuwa akijiandaa kubatizwa, la mwisho wa aina yake pale dukani, la vioo vya kuzungusha. Amsey akaondoka kabla ya ubatizo, na gari halijawahi hata kutoka bandani. Saba sasa hiyo miaka. Urias hataki liguswe wala litajwe. Kuku hawajui kwamba hawatakiwi kulitaja.

Mayai yenyewe ni mazuri tu. Msalimie Elam. Mwambie namkumbuka sana, na namkumbuka kila ninapoingia chini ya turubai lile.

Wako,
Almeda

*

Englehart
8 Januari 2024

Urias,

Almeda ameniandikia habari za kuku.

Nimeisoma ile karatasi nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nikatoka nje bila koti nikazunguka nyumba, kwa sababu Elam alikuwa amelala na nisingetaka aamke anisikie.

Saba. Miaka saba una gari jipya bandani, jeusi, bila skrini, gari lilelile ambalo nimelitafuta kila duka la kaskazini hii nikidhihakiwa na watoto wenye tai. Ulipoandika "ni adimu, hata huku ni adimu, vumilieni," ulikuwa umekaa mezani kwako, na dirisha la meza yako linatazama banda. Naijua hiyo meza. Uliinua macho ukaliona banda, ukainamisha macho ukaandika "vumilieni."

Kweli nyani haoni kundule. Umenitenga na Meza ya Bwana kwa ajili ya kioo kinachomletea mume wangu joto, na wewe umejiwekea hazina duniani, chini ya turubai, kuku wanatagia. Ni sura ile uliyotuhubiria mwaka ule ulipoteuliwa kuwa shemasi. Nilikaa benchi la mbele. Nililia kwa fahari, mjinga mimi.

Usiniambie ni la Amsey. Amsey ana miaka ishirini na tano, anauza mabati Kitchener, ana gari jekundu. Amsey haji, Urias. Kila mtu anajua haji. Wewe peke yako ndiye unayemwekea akiba, na akiba hiyo unamwekea kwa pumzi ya Elam.

Mtaroni alikuwa ameacha kutetemeka. Nataka ulikumbuke hilo ukienda kulala.

Lete hilo gari. Sina lingine. Likishindikana, usiniandikie tena, na ukija kwenye mazishi ukae nyuma.

Lovina

*

Englehart
10 Januari 2024

Shemeji Urias,

Lovina amekwenda kwa jirani kuchukua maziwa, na hiyo inanipa kama nusu saa, kwa sababu akifika pale anasimulia. Barua aliyokuandikia alinisomea kabla ya kuituma. Alinisomea kwa sauti ambayo nadhani mliisikia huko.

Nisamehe kwa mwandiko. Mkono umevimba.

Nataka ujue kwamba mimi nilijua. Miaka saba iliyopita uliniandikia ukaniagiza kibao, ukanipa vipimo, ukasema ni cha gari la ndugu mmoja, nami nikakisia kwamba ni Amsey. Nimetengeneza vibao vya magari yote ya kanisa, na kila nikija huko huwa napita uwanjani natazama kazi yangu kupitia madirishani. Ni majivuno yangu, usimwambie Askofu. Kibao kile sikukiona kwenye gari lolote. Halafu nikasikia Amsey ameondoka. Basi nikajua kiko wapi.

Wala usidhani nilikaa na neno hilo kwa uchungu. Sisi Mungu hakutupa mtoto. Lakini hata mimi najua kwamba mtu haombwi kitu alichomwekea mwanawe. Ndiyo maana nilimwambia Lovina asikusumbue. Hakunisikia, na hajui ninayoyajua. Nakuomba asijue, maana nitahamia kulala na ng'ombe.

Sasa nisikilize. Nimechoka, shemeji. Sijachoshwa na mashine wala baridi. Nimechoka kuwa sababu. Mke wangu hapashwi joto tena na jiko, anapashwa na hasira. Ndugu na dada wanaandikiana kama watu wanaogombea shamba. Ninyi wawili mlikuwa mkiimba pamoja sauti mbili, nilimpenda Lovina nikiwasikia mkiimba. Nimemwambia nitakwenda hospitali mpaka Jumamosi hii, kisha nitapumzika nyumbani. Alipasua bakuli. Lakini nimeamua.

Gari la Amsey liache lilipo. Skrini nayo itolewe nikishaondoka, Lovina arudi Mezani. Kile kibao cha cheri kiko jikoni, kina makovu ya kisu, ila msasa utayaondoa.

Nakutakia amani,
Elam Metzger

*

Uani kwako, Englehart
19 Januari 2024

Lovina,

Nimebisha hodi mara tatu hukufungua. Pazia lilitikisika, kwa hiyo najua umeniona. Barua hii nitaipitisha chini ya mlango. Naandikia ndani ya gari lako, kwa sababu nje kalamu inaganda.

Elam aliniandikia. Ameniomba nisikuambie aliyoyaandika, na sitakuambia. Nilikwenda bandani na barua ile mkononi. Nikavuta turubai. Nilitaka kukuletea gari, Lovina, nakuapia, ingawa hatuapi. Lilikuwa linang'aa kama siku nilipolinunua. Nikageuza ufunguo, kimya. Hata kuguna halikuguna.

Nikafanya jambo ambalo sijalifanya kwa miaka minne. Nikampigia simu Amsey. Nilimwambia njoo unitazamie gari. Hakuuliza gari gani. Alifika siku iliyofuata, akafungua boneti, akaniita nije kuona. Panya wamekula nyaya zote. Wamejenga viota juu ya injini kwa manyoya ya kuku wa Almeda. Matairi yamepasuka, breki zimeshikana na kutu. Akapiga simu huku na huku kutafuta nyaya nyingine. Hazitengenezwi tena, kama magari yenyewe.

Akasema, "Baba, miaka yote hii ulikuwa unawafugia panya."

Nilimkasirikia. Nilimwambia ni lako hili, nililinunua liwe lako, ungebatizwa ungeliendesha, lingekuwa kanisani kila Jumapili, na Elam nisingekuwa na haja ya kumnyima. Nilimpigia kelele bandani mpaka kuku wakatoka nje. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Shangazi Lovina alikuomba msaada, ukamnyima kwa ajili yangu mimi?" Hasira yote niliyokuwa nayo juu yake ikamwachia palepale, ikanirudia mwenyewe, na bado ninayo.

Musa aliwaambia watu wasibakize mana mpaka asubuhi. Waliobakiza waliikuta na mabuu. Nimelihubiri hilo pia. Nimehubiri mengi.

Nilikifungua kile kibao kwenye gari. Kwa nyuma Elam amechonga herufi A, ndogo. Nilimpa Amsey. Alikitazama kwa muda, akakitia ndani ya koti lake.

Yeye ndiye aliyenileta. Saa nane njiani, katika lile gari jekundu, skrini yake ni kubwa kuliko hii yako. Alizima redio kabla sijamwambia. Ameshuka kulala mjini kwa kuwa hakujua kama ungetaka kumwona. Kesho kutwa anarudi Kitchener, mimi nabaki.

Askofu nimemwandikia. Nimemwambia kama wewe hukaribii Meza, na mimi sikaribii. Mwezi wa nne, Meza itakapoandaliwa, tutakaa benchi moja, nawe utakuwa na nafasi ya kunikanyaga mguu kama zamani. Almeda nimemuuliza kwa nini alikuandikia. Akasema aliandika habari za kuku tu.

Mimi ndiye nitakayempeleka Elam. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, mpaka atakapopona au Mungu atakapomchukua, na asichukuliwe kwa ajili yangu. Ng'ombe wangu watakamuliwa na jirani. Nitalala bandani kwako, au katika gari hili, au popote utakapotaka. Amekosa mara mbili, Lovina. Kesho ni Jumamosi. Mwambie sababu imekwisha. Yeye ataelewa.

Ufunguo niliukuta umetundikwa kwenye msumari wa baraza. Nimetafuta tundu lake kwa muda mrefu, kumbe halipo, kuna kitufe. Injini inanguruma lakini ndani bado ni baridi, sijui hita inawashwaje. Skrini imewaka. Nimeifunika kwa kofia yangu nipate kuandika.

Nifungulie.

Urias

*

(Karatasi iliyopitishwa kwenye upenyo wa dirisha la gari.)

Urias,

Sifungui. Nikifungua sasa nitasema maneno ambayo hayatarudi, na Elam amekataza ugomvi ndani ya nyumba. Banda lina kitanda cha zamani na jiko la kuni. Mkate upo barazani, juu ya kibao. Kile kibao ukirudishe.

Usidhani nimekusamehe. Bado nina hasira nawe, na nitakuwa nayo mwezi wa nne, na nitakukanyaga mguu kweli. Amsey mwambie aje ale chakula cha mchana kesho. Yeye hana kosa na mimi.

Elam alikuwa hajaamka tangu jana jioni. Pumzi yake ni fupi. Aliposikia injini alifumbua macho akauliza ni nani. Nikamwambia ni wewe, na umesema sababu imekwisha. Alicheka kidogo, akakohoa kwa muda mrefu. Kisha akasema atakwenda, ili aone unavyoendesha. Sikuelewa mnachofichana, na mtanieleza.

Hatungoji kesho. Nimeshapiga simu hospitali, wamesema aje sasa hivi, wanamwekea mashine. Namvalisha viatu. Leta gari mpaka mlangoni, kinyumenyume, utazame kwenye kamera usigonge ngazi.

Na ondoa hiyo kofia. Hita iko palipochorwa feni, upande wa kushoto chini. Bonyeza mpaka mistari yote iwe myekundu, na uache wazi njia nzima.

Lovina